Mboga Panda, Miti Usipande

Mwaitu, mama yangu,

Nimelima tena lile shamba dogo nyuma ya jiko lako. Naanza na hilo kwa sababu najua ndilo ungeuliza kwanza, kabla hujauliza kama nimelala au kama nakula. Mvua ya Oktoba ilikuwa bado haijafika, ardhi yetu ya Kalama ilikuwa ngumu kama sakafu ya saruji, na jembe lilikuwa linaruka na kunirudia. Lakini nimelima. Nakuandikia kwa Kiswahili, si kwa Kikamba tulichozungumza mimi na wewe tangu ulipokuwa mama yangu, kwa kuwa nataka barua hii isomwe na akina mama walio hai, wenye mabinti waliorudi nyumbani. Wewe huwezi kunijibu tena. Wao wanaweza, na nawakaribisha.

Kazi hii ulitufundisha sisi wawili pamoja, mimi na kaka yangu Mutuku. Nakumbuka jinsi ulivyowacheka majirani waliokwenda kufanya kazi kwenye mashamba ya nchi zenye baridi, wakarudi na mtindo wa kuinua matuta. Mboga zao zilikaa juu kama maharusi jukwaani, na mvua ilipokatika zilikauka zikiwa huko huko juu. "Hapa kwetu tuta halipandi, linashuka," ulisema. "Maji hayatakutafuta. Yachimbie mahali pa kulala." Basi tukachimba vitalu vya kuzama, udongo wa juu upande huu, wa chini upande ule, na ole wake atakayeuchanganya. Mutuku alibeba samadi ya mbuzi kwa gunia, mimi nikaiponda kwa mchi wa zamani mpaka ikawa kama unga. Kunde tulizipanda vumbini kabla ya tone la kwanza, maana mvua yetu ni fupi na anayengoja udongo ulowe ameshachelewa. Sukuma wiki ulizikuza kwanza kitaluni, chini ya kivuli cha nyasi kavu, na kila jioni ulizinywesha maji ya kuoshea vyombo ukiziongelesha kwa sauti ambayo sisi wanao hatukuisikia ikitumika kwetu mara nyingi.

Hukuwa mama mkali. Ni kwamba mapenzi yako yalipitia kwenye kazi, na nilijifunza kuyasoma humo. Hata leo mikono yangu inajua kina cha kitalu bila kupima, na hilo ni lako, na nakushukuru. Lakini sikuja hapa kushukuru tu.

Siku moja baba alileta miche ya mikima, ile miti ya mbao iliyopangwa kwenye mipaka ya kila shamba la Kalama. Ulisimama mlangoni ukaita, "Mutuku, njoo upande miti yako. Mueni, lete maji." Nikaenda mtoni. Nikarudi na mtungi mgongoni, kamba ikinikata paji la uso, nikanywesha miti ya kaka yangu. Msimu huo wote, na kiangazi kilichofuata, nilikwenda na kurudi. Mikima ilishika. Mutuku alipooa akaikata, akaipasua mbao, na ndizo zilizobeba paa la nyumba yake yenye bati jekundu. Kila nikikaa sebuleni kwake nainua macho nakuta maji yangu yamelala juu ya vichwa vyetu. Hakuna anayeyaona ila mimi, na wewe uliyenituma.

Niliporudi kutoka kwa mume wangu, yule mwanamume wa Masinga, nikiwa mwanamke mzima mwenye vitabu vingi na nguo chache, hukuniuliza alinifanya nini. Uliniwekea bakuli la isyo, mahindi na maharagwe yako yasiyo na haraka, ukanitazama nikila. Ningekufa kwa ajili yako usiku ule. Asubuhi ukanishika mkono ukanipeleka nyuma ya jiko.

"Hapa patakuwa pako," ukasema. "Panda mboga. Miti usipande."

"Kwa nini nisipande?"

"Miti ni ya wenye mji."

"Na mimi ni nani?"

"Wewe ni mtoto wangu. Usiniulize maswali ya gazeti."

Nilicheka, mwaitu. Wewe pia ulicheka. Tukacheka wote wawili juu ya jambo ambalo halikuwa na kicheko ndani yake, kisha ukanionyesha mahali ambapo panya hutokea.

Sababu yako uliniambia baadaye, tukichekecha samadi. Ilikuwa habari ya shangazi Syokau, dada ya baba, ambaye naye alirudi kwao na akapanda michungwa kwenye mtaro wa chini, ngazi ya mwisho ya shamba. Michungwa ikazaa. Babu alipokufa, ndugu zake Syokau walingoja Jumapili akiwa kanisani, wakaikata yote, baba yangu akiwa mmoja wao. Syokau alirudi na kitambaa chake cha kichwani akakuta kuni. Ulinisimulia hayo bila kuinua macho kutoka kwenye chekecheo. "Kama mtu angemwambia mapema asipande," ukasema, "asingelia vile."

Nimelibeba neno hilo mpaka leo na sasa nalirudisha kwako. Uliona shoka na uliona mti, ukaukemea mti. Uliona wanaume wazima wakivizia ibada ili wakate miti ya dada yao, ukahitimisha kwamba kosa lilikuwa kupanda. Na ulipopata binti yako mwenyewe hukwenda kumwambia mwanao, "Mutuku, siku moja ukilishika shoka hilo nitakulaani." Ulikuja kwangu. Ilikuwa rahisi zaidi kunifunza mimi kuwa mdogo kuliko kumfunza yeye kuwa na haya. Nyumba nyingi za Ukambani hufanya hivyo, na huko Uswahilini na Uluhyani pia, na wote huita woga huo hekima ya mama.

Nimeandika juu ya ardhi na mabinti kwa miaka mingi. Nimegombana na wachungaji, nimegombana na madiwani, nimegombana na maprofesa wanaotetea mila wakiwa wamevaa tai. Nimesema mpaka koo likakauka kwamba sheria ya nchi hii, mzazi anapokufa, haiulizi mtoto ni wa kike au wa kiume. Wewe uliyajua yote hayo. Uliwaonyesha wanawake wa mwethya, kile kikundi chenu cha kulimiana, picha yangu gazetini, kisha gazeti lenyewe ukafungia mbegu za dania. Ulijivunia kinywa changu na ukaiogopa mikono yangu. Ningeweza kuandika chochote nitakacho, mradi nyuma ya jiko lako niote na kung'olewa kila msimu.

Maana hiyo ndiyo tofauti yenyewe, na wewe mkulima uliijua kuliko mimi. Kunde huishi msimu mmoja. Sukuma ukiibembeleza hufika mwaka wa pili, ikiwa ndefu na chakavu. Mti humzika aliyeupanda na kuwauliza wajukuu majina yao. Ndiyo maana hakuna mwanamume aliyewahi kuitisha kikao kwa sababu ya mchicha. Mboga ni ruhusa. Mti ni haki.

Basi mwaka huu, wa kwanza bila wewe, nilipomaliza vitalu vyangu na kuzika kunde vumbini, nilichimba shimo karibu na mlango wa jiko. Shimo la mraba, kina cha goti na zaidi. Mche ulikuwa tayari, mparachichi wa kupandikizwa, nimeuficha jua nyuma ya tangi. Jumamosi hiyo Mutuku akafika kutoka Mavoko, anakofanya kazi kiwandani, akiwa na unga na sukari kama kawaida yake. Simchukii Mutuku. Ningemchukia, barua hii ingekuwa fupi.

Alizunguka nyuma kuniamkia, akasimama.

"Mueni, hii shimo ni ya nini?"

"Ya mboga."

"Mboga gani inazikwa kama mtu?"

"Basi ni ya parachichi."

Akacheka kidogo, akaegemea ukuta wa jiko. "Parachichi si ziko tele hapo sokoni Tala. Nitakuletea hata gunia."

"Za Tala si zangu."

"Na hii itakuwa ya nani?"

Nikainama kuondoa kokoto kwenye ukingo wa shimo. Akaendelea. "Mimi sina shida na sukuma yako. Panda sukuma mpaka kwa chifu, hakuna mtu atakuuliza. Lakini mti ni maneno mengine. Na yule bwana wa Masinga akikurudia kesho?"

"Akija nitampa parachichi moja ale akirudi kwao."

"Unaona? Na wewe huwezi kuongea kama watu." Hakuwa na hasira. Alisema kama mtu anayemkumbusha mtoto kuvaa viatu. "Si mimi nimekataa, dada yangu. Mama mwenyewe alisema. Mboga panda, miti usipande. Alisema ama hakusema?"

Ulisema. Ningefanyaje, nikukanushe?

Akachukua beleshi akalifukia shimo langu. Alilifukia vizuri, mwaitu, ungempenda. Udongo wa chini ukaenda chini, wa juu ukabaki juu, hakuharibu hata konzi moja ya rutuba. Akaupigapiga kwa mgongo wa beleshi, akajipangusa mikono, akauliza kama kuna chai. Nikaingia kupuliza moto.

Hapo ndipo hasira yangu ilipogeuka ikakutafuta wewe. Mutuku hakuhitaji hati ya shamba. Hakuhitaji wazee, wala chifu, wala shoka la kuvizia watu wakiwa kanisani. Alihitaji sentensi moja tu, na uliiacha nyumbani mahali pa wazi, ikiwa imenolewa. Ndugu zake Syokau walikuwa na aibu ya kutosha kumngojea atoke. Mwanao alifanya mchana, mbele yangu, kwa roho safi, kwa sababu alikuwa anamtii mama yake.

Mvua ilikuja wiki iliyofuata, mchana, watu wakiwa mashambani. Ilipiga kwa nguvu kisha ikatulia ikanyesha kwa adabu, na maji yakaingia kwenye vitalu yakakaa kama ulivyosema yangekaa. Kesho yake nilitoka na jembe. Udongo ambao Mutuku aliufukia ulikuwa laini, haukunipa kazi. Nikatenga wa juu na wa chini, nikachanganya samadi, nikaushusha mparachichi, nikaukanyagia kwa nyayo zangu bila viatu. Kisha nikampigia simu, sikutaka ausikie kwa jirani.

"Nimepanda."

"Umepanda nini?"

"Unajua."

Nilisikia mashine za kiwandani nyuma yake, na mtu akimwita. Akasema, "Sawa. Tutaongea Krismasi, watu wote wakiwako."

"Tutaongea."

"Na usipeleke kwa gazeti."

"Nimekusikia," nikamwambia, na ni kweli nilimsikia.

Kunde zimetoka mwaitu, safu zimenyooka. Sukuma zimeshika, ila kitalu cha mwisho kimeliwa na wale viwavi wakatao shina, nimewatilia majivu. Mparachichi umesimama na majani yake machache yanayong'aa. Nimeuzungushia matawi ya miiba kwa ajili ya mbuzi. Kwa ajili ya watu sijauzungushia kitu.

Ninakukosa. Nakukosa jioni hasa, wakati wa kunywesha, nikiwa na maji ya vyombo mkononi na hakuna wa kuniambia kwamba naziosha mboga badala ya kuzipa maji. Haya yote ningekuambia ukiwa hai kama ungeniacha nimalize, lakini kila nilipoanza ulinituma kuleta kitu. Huzuni yangu haikupunguza hoja yangu, na hoja haikupunguza huzuni. Vinakaa pamoja ndani yangu na havisalimiani.

Krismasi watakuja wote. Watatoa viti nje, watachinja mbuzi, watakula washibe, na Mutuku atasimama. Simwogopi yeye. Anaweza kuung'oa ule mti, nami nitapanda mwingine, na akija na sheria nitamjibu kwa sheria, na akija na wazee nitawajibu mmoja mmoja kwa majina yao. Lakini najua hatakuja na hayo. Atakuita wewe. Atasema mama alisema, na watu watageuka kulitazama kaburi lako pale kwenye mtaro wa juu, na kisha watanitazama mimi.

Umeshasema vya kutosha juu ya ardhi hii. Siku hiyo, mwaitu, nyamaza.

Ni mimi,
bintiyo.