Amani wa Nabintu

Nabintu wa Nsimire, mama yangu,

Nimekuita kwa jina lako na la nyanya, ili ujue anayekuita ni mimi Furaha, si kitu kingine. Goti bado linakusumbua? Simu yako imenyamaza tangu vita vifike huko kwetu Walungu, kwa hiyo barua hii nitampa dereva wa lori anayekwenda Kampala; huko ataikabidhi kwa mtu wetu. Sisi tupo. Kambi hii ya Kakuma ni jua na vumbi, na upepo unaobeba sauti za watu usiowaona. Mgao umepunguzwa, lakini hatulali njaa kila siku.

Sasa nikupe habari za Amani, kitinda mimba wako. Kaa kwanza. Yuko hai.

Alichoka kukaa bure, akaenda Lodwar kushona nguo kwa mfanyabiashara Msomali, bila kibali cha kutoka kambini. Nilimkataza, lakini unamjua, sikio la kufa halisikii dawa. Polisi wakamkamata barabarani, wakamfungia seli huko Lodwar.

Hapo ndipo fundisho lako lilipotuponza, mama. Tangu utoto ulitukataza kuitikia sauti isiyo na uso, mpaka itutaje pamoja na jina la mama, kwa sababu mzimu unaweza kujua jina lako lakini haujui tumbo lililokuzaa. Seli ile haina dirisha. Askari anasimama koridoni, anaita, na sauti inatokea kama ukutani. Amani akanyamaza. Kesho yake akaitwa tena, akanyamaza. Wakaamua kwamba jina lile si lake, kwamba amebeba karatasi za mkimbizi mwingine, pengine aliyekwisha kufa. Wakapanga kumrudisha mpakani, kule kule tulikotoka tukikimbia.

Aliyeniletea habari ni Akiru, mama wa Kiturkana anayesaidia wakimbizi mahakamani. Alinitafutia kibali tukaenda pamoja. Mjini Lodwar kila tuliyekutana naye alimsalimu Akiru kwa Kiturkana, "ejok", naye anajibu "ejok", wanaangaliana usoni. Nikawaza, mbona ofisini hawawezi kuitana hivyo?

Mahakamani karani aliyefichwa na mafaili aliita jina la Amani kwa kipaza sauti, akarudia, akarudia tena. Amani alikuwa amesimama pale pale, macho wazi, hatikisiki. Hata mimi yaya wake, dada yake mkubwa, nilijiuliza kama ni yeye. Hakimu akaanza kufunga faili, nami nikasimama bila ruhusa.

"Amani wa Nabintu!"

"Niko hapa, yaya."

Wengine walicheka, wengine walijishika vifua. Akiru aliomba kusema, akawaeleza fundisho letu, kisha akamalizia, "Mheshimiwa, mtu ana haki ya kusikilizwa kabla ya kurudishwa anakoogopa kuuawa. Huyu alikuwa hajaitwa bado." Hakimu akalifungua tena faili, akaamuru Amani arudi Kakuma asikilizwe upya, na aitwe ana kwa ana. Nililia mbele ya watu, sikuona haya.

Lakini kuna jambo linaloninyima usingizi, na ndilo hasa lililonifanya niandike. Amani anasema kule seli aliitika mara moja. Ilikuwa mchana, wenzake wamelala kwa joto. Sauti ikatoka ukutani: "Amani wa Nabintu, mwanangu." Anasema ilikuwa sauti yako, pamoja na kile kikohozi chako cha moshi wa kuni. Akajibu, "Niko hapa, mama," mpaka askari wakadhani amerukwa na akili. Nilimkaripia, nikamwambia ni njaa ile. Ila mimi mwenyewe siamini nilichomwambia.

Msalimie baba mdogo, fundi wa baiskeli. Bisibisi yake ninayo bado, asinitukane. Msalimie shangazi wa kwaya, na yule mama jirani aliyenipokelea mtoto wangu wa kwanza. Kama wamehama, wasalimie huko mliko pamoja.

Amani amekaa karibu yangu ninapoandika. Anashona, na upepo ukipita anasimamisha mashine, anasikiliza. Anasema nikukumbushe kwamba yeye ulipomwita aliitika, sasa ni zamu yako.

Nabintu wa Nsimire, mama yetu, itika.

Ni mimi,
Furaha wa Nabintu