Diski ya Baba Yako Ifungwe Leo

Eusebia,

Viazi vikavu nimeloweka, badilisha maji.

Asubuhi karani wa mahakama ametia diski kwenye mashine yake, akacheka: “Mama, mbona tupu? Au mumeo alipigwa risasi na upepo?” Hapa nyumbani inaonyesha yote: daraja, askari, baba yako Nicanor anaanguka. Kule haisomeki, kwa sababu uliichoma, hukuifunga. Kuchoma ni kuandika tu. Isipofungwa, mashine ya mtu mwingine haioni kitu.

~~Mzembe wewe!~~ Najua hukusahau. Diski ikishafungwa haiongezwi kitu, nawe bado unamtafutia baba yako picha nyingine, akiwa hai. Mwanangu, hazipo.

Choma upya, funga, niletee. Usitumie diski ya aina ya kufutika. Hawa wa mahakama ndio waliofuta majina ya wachimba madini wenzake babu yako, sijasahau.

Mwisho wa kupokea ushahidi ni saa kumi. Nimerudi kukaa mlangoni kwao, waniruke wakitaka kutoka.

Mkate wenye sura ya baba yako usiuguse. Kesho, siku ya wafu, roho yake inakuja kula kwetu mwaka wa tatu, ndio wa mwisho. Nataka nimwambie wameona.

Mama yako