Jina Lako Kwenye Daraja Lao

Baba,

Jana wamekuja tena, wale wa daraja. Wanataka kuliita daraja jipya kwa jina lako. Walikaa barazani wakakuita shujaa, mhandisi bingwa, profesa wetu, na chai ya Mama wakainywa.

Ulipowaendea ukiwa hai hawakukupa hata kiti. Uliwaambia nguzo hazijafika kwenye mwamba, mvua kubwa ikija mto utazing'oa. Mkandarasi akacheka: "Profesa, hapa si darasani." Ukarudi nyumbani Magarini, ukala muhogo wako, ukasema tu, "Hawa watatuulia watu, Kadzo."

Mvua ikaja. Daraja likakatika asubuhi, waliokuwa wakienda sokoni wakabaki juu ya kipande kilichosimama katikati ya maji. Ukachukua kamba. Mzee wa miaka sabini, na sikio moja uliliacha vitani Somalia, ulipokuwa mhandisi wa jeshi ukitegua mabomu ya ardhini! Nilikuita, "Baba, ngoja waokoaji!" Sijui hukusikia, au hukutaka kusikia. Ulivusha wanawake wote, mmoja mmoja. Ukarudi kumchukua mzee Karisa, aliyebaki peke yake, kamba ikakatika. Yeye alinasa kwenye mti. Wewe tulikupata kesho yake.

Mazikoni mkandarasi yuleyule alishika kipaza sauti akasema ni mapenzi ya Mungu. Mama alinibana mkono nisisimame.

Nyumba imekuwa ngeni. Juzi sufuria ilianguka jikoni, nikageuka kukutafuta. Kila kishindo ulikuwa ukijitupa sakafuni kama uko vitani, kisha unacheka ili sisi watoto tusiogope. Mama aliiokota, akaifuta, akaketi chini akalia.

Wanafunzi wako wa zamani walikuja wenyewe kulipima daraja jipya. Nguzo ni fupi vilevile, Baba. Vilevile!

Basi jana niliwajibu, "Jina hampewi." Mmoja akasema, "Binti, punguza uchungu, tunamuenzi mzee." Mama, ambaye hajapata kumfukuza mgeni maishani mwake, akainuka akakusanya vikombe, vingine bado vina chai. "Nendeni," akawaambia.

Wanasema wataliandika hata tukikataa. Tumepata wakili Malindi wa kulizuia jina na kuwashtaki kwa daraja lililokuua. Wale wanawake uliowavusha wamekubali kutoa ushahidi, wote.

Pumzika, Baba. Kusamehe sikuahidi, usinidai. Ninachokuahidi ni kwamba nitasimama mahakamani niyaseme yote uliyowaambia, na yule aliyekucheka atakaa mbele yangu anisikilize mpaka nimalize.

Mwanao,
Kadzo