Shavu la Mguu wa Baba

Mayu,

Tangu tukuzike, mama yangu, kila asubuhi naandika tarehe kwenye daftari, na chini yake habari za mguu wa Baba. Ungenicheka: "Wewe Masanja, hata kuku akitaga utaandika!"

Ameanguka mara mbili tangu uondoke. Fimbo haitaki. Anataka kufika kaburini kwako peke yake, avuke ule mfereji wa shamba la pamba bila kushikwa mkono. Nilikuwa namkatalia.

Nikampeleka Bariadi mjini. Mtaalamu wa viungo akambandika tepu ya bluu kwenye shavu la mguu wa kushoto, akanifundisha na mimi. Basi nikapanga: wiki moja tepu, wiki moja kukanda kwa samli kama ulivyokuwa ukimfanyia. Kila siku baada ya uji asimame kwa mguu huo peke yake, nihesabu sekunde.

Tepu ikabanduka siku ya pili. Nikabandika nyingine, nayo ikabanduka. Kumbe Baba alikuwa anajipaka samli kisiri kabla sijaamka! Nilipomkamata akasema, "Unanifunga kama robota la pamba. Mama yako aliwahi kunifunga?"

Nilikasirika, Mayu. Wiki nzima nikaifuta kwa mstari daftarini. Halafu nikalikumbuka swali lake. Nikakaa chini nikamkanda, tena vibaya, nikianzia gotini. Akanirekebisha kwa sauti yako kabisa: "Anzia kisiginoni, upandishe. Usikimbie."

Tukaanza upya, safari hii namwosha mguu kwa sabuni kabla ya tepu. Kwa tepu alifika kumi na moja, kwa kukanda kumi na mbili. Tofauti hiyo haithibitishi kitu, na nimeandika hivyo hivyo. Ila akiwa na tepu anakanyaga bila woga. Akikandwa, anaongea. Anakuongelea wewe.

Kwa hiyo jana jioni nilimkanda, leo asubuhi nikamwosha na kumbandika, tukatoka. Nilimfuata nyuma, mikono nimeinyoosha. "Shusha mikono, mimi si ndama!" Akatua mguu wa kushoto ng'ambo ya mfereji, akayumba... akasimama.

Alipokufikia akanigeukia: "Rudi kule. Nina maneno na mke wangu."

Nilirudi hadi mwisho wa pamba nikawapa mgongo. Sikusikia alichokuambia.

Pumzika, Mayu wangu. Maneno yake yatunze wewe. Miguu yake niachie mimi.

Mwanao,
Masanja