Mama Kioko, Macho Yangu Hayajaisha

Mama Kioko,

Mimi nina miaka themanini, labda na zaidi, maana waliohesabu wote wamekufa. Nimewapita nzige, njaa, D.C. mzungu aliyenichapa kiboko, hata daktari mmoja aliyesema moyo wangu hautamaliza mwaka. Wewe peke yako ndiye sikutaka kukupita.

Tangu tukuzike, Kioko wetu anasema mimi nimekuwa kipofu. Kisa? Eti nasimama kwa mlango wa jiko lako kabla ya kuingia. Wewe ulikuwa unanicheka tu: "Ingia, mzee, ama unangoja kubebwa kama bibi arusi?" Yeye hacheki. Amekuja na pikapu kutoka Emali, anipakie mimi na mbuzi, nikakae kwake nyuma ya duka. Nikuache hapa Kanyangi na nani?

Nilikataa. Akanipeleka Mutomo kwa daktari wa macho, akidhani atamuunga mkono. Daktari ni msichana mdogo. Akanimulika weee, kisha akasema nyuma ya jicho kuna chembe za kushika mwanga. Kwa jua kali zinajipunguza zenyewe zisilemewe, kama mtu anapunguza redio. Ukiingia gizani zinataka muda zijipandishe tena. Za mzee zinachelewa, lakini zangu ziko! Tena gizani hazinyamazi, ndipo zinatuma habari zaidi. Mwanga ukija ndio zinapunguza. Umesikia, Mama Kioko? Hata gizani mimi sijalala.

Kioko akasema, "Hayo ni maneno ya daktari." Haya. Tulipofika nyumbani, jua la saa saba, nikamwambia atangulie jikoni. Akaingia mbio, akakanyaga kuku aliyelalia mayai. Kuku akamrukia usoni, funguo za gari zikaanguka. Akapapasa, akashika majivu, akatoka nje akigomba: "Nani ataona kitu humo? Leteni tochi!"

Mimi nikasimama mlangoni kama kawaida yangu, uso ndani, mgongo kwa jua. Nikangoja. Giza likaanza kufunguka, chungu, kinu, kuni. Nikaingia, nikaokota funguo kando ya jiwe la kusagia.

"Shika. Gari iende. Mimi siendi."

Basi lala, mke wangu. Nitang'oa majani ya kaburi lako kwa mkono wangu, na hakuna atakayenitoa hapa nikiwa hai. Ukifikiri najigamba, Kalondu mke wa Kioko alisimama nyuma yangu, akaona yote, akacheka mpaka akashika tumbo. Akija huko muulize. Lakini asiharakishe.