Sufi ya Maboya Imo Kwenye Mito ya Harusi

Barua hii niliipata mwezi wa kwanza. Sikuichapa wakati ule kwa sababu jambo lenyewe lisingengoja gazeti, nikamjibu mwandishi kwa posta siku ileile. Sasa mambo yamekwisha na ameniruhusu niwape wasomaji yote kama yalivyokuwa. – Shangazi Mashavu

*

Shangazi Mashavu, shikamoo.

Naitwa Stefania, nakaa Korogwe karibu na shamba la mkonge, nina miaka ishirini na sita ya ndoa na sijawahi kumwandikia mtu siri zangu, lakini safari hii nimekwama kabisa, na usiponisaidia kabla ya mwisho wa mwezi wa pili watu watatu wanaweza kufa maji kwa sababu ya sindano yangu.

Mume wangu Bonaventura alikuwa fundi mitambo shambani mpaka alipostaafu mwaka juzi, na yule meneja wa Kizungu aliyeondoka mashamba yalipotaifishwa alikuwa na mashua ya tanga kule Tanga mjini, mume wangu ndiye aliyekuwa akiitengeneza na kusafiri nayo pamoja naye karibu kila Jumapili kwa miaka saba, basi wakati wa kuondoka yule bwana akamwachia mashua na vifaa vyake vyote, na tangu siku hiyo Shangazi naishi na baharia katikati ya mkonge. Ana kaka yake, Laurenti, anafanya kazi kwenye mashamba ya minazi kule Mafia, hawajaonana miaka kumi na moja, na Bonaventura ameamua kwenda kumwona kwa tanga lake mwenyewe, kutoka Tanga mpaka Mafia, siku tatu baharini kama upepo ni mzuri. Wanakwenda watatu, yeye, rafiki yake Bwana Abdi aliyestaafu kazi bandarini, na mkwe wetu Yordani, kijana aliyemwoa binti yetu Agripina mwaka jana mwezi wa sita.

Usidhani mume wangu ni mtu wa kukurupuka, maana shida ni kinyume chake. Ana dira, ana nanga mbili, ana kioo cha kumulikia jua ili mtu wa mbali aone, ana fataki za kuomba msaada amezifunga kwa nailoni, ana ndoo ya kukumbia maji, na ana filimbi tatu ambazo alitufundisha kuzipuliza siku moja saa sita mchana mpaka majirani wakaja na marungu wakidhani tumevamiwa. Mwezi wa kumi na moja akataka kupima kama hesabu yake ya maji ni sawa, akatuwekea nyumba nzima kipimo cha baharini, galoni moja kwa mtu kwa siku, ya kunywa na kupikia, kwa wiki nzima. Ya kuogea hayakuwemo, akasema baharini mtu ataoga maji ya chumvi, kwa hiyo tukawa tunakwenda kuoga mtoni na kujifanya ni bahari. Maji yenyewe alikuwa ameyaweka kwenye pipa moja kubwa, lile ambalo ndilo atasafiri nalo, pipa lililokuwa la mafuta ya mashine huko karakana, aliliosha kwa majivu na sabuni siku mbili. Shangazi, yale maji yalikuwa na ladha ya karakana. Chai ilikuwa na ladha ya karakana, na maharage vilevile, na mimi kila nikicheua nasikia trekta. Yeye anakunywa na kusema ni safi kabisa, kwa kuwa miaka thelathini ameishi ndani ya mafuta na pua yake haiyasikii tena, na hakuna aliyemwambia kwa sababu alikuwa na furaha mno.

Sasa nakuja kwenye dhambi yangu. Katika vile vifaa yamo maboya matatu ya kuvaa, yale mfano wa fulana nene ya kufunga kifuani, na ndani yamejaa sufi. Harusi ya Agripina ilikuja kwa haraka, msimu wa sufi ulikuwa umepita, pamba madukani hakuna, na mimi nilikuwa nimekwisha kusema mbele ya wanawake wa mtaa wetu wa Masuguru kwamba binti yangu hataingia kwa watu na mito ya nguo kuukuu. Mume wangu alikuwa Tanga kupaka mashua rangi. Nikayachukua yale maboya, nikafumua mshono mmoja mmoja, nikatoa sufi yote, nikashona mito mitatu mizuri, miwili ya bibi na bwana arusi na mmoja mkubwa wa mama mkwe wake. Kisha nikajaza maboya makapi ya katani kutoka kiwandani, nikayarudishia mshono uleule kwa uzi uleule, na kwa kweli yalipendeza. Nilikuwa najiambia msimu ukirudi nitabadilisha. Msimu ukarudi, Bonaventura amekwisha kumaliza rangi na yuko nyumbani kutwa nzima, na maboya yako chini ya kitanda chake, na kila Jumapili baada ya misa anayatoa, anayaanika, anayahesabu, anayapigapiga kama mtu anayemsifu ng'ombe, na mimi nimesimama mlangoni namwangalia.

Wiki iliyopita alikwenda Segera, nikachukua boya moja nikalitia kwenye beseni kubwa. Lilielea muda wa kumenya viazi vitatu, halafu likazama.

Nikimwambia, atajua nimemdanganya katika kitu anachokithamini kuliko vyote. Na si yeye tu, itabidi nikaombe mito kwa mama yake Yordani, Bi Hilaria, ambaye tangu alalie ule mto shingo iliyomsumbua miaka minne imepona, na habari hiyo ameitangaza mpaka kanisani. Zawadi ya harusi hairudishwi, nitaweka wapi uso wangu. Nimefikiria nimfiche dira ili safari iahirishwe, au nijifanye mgonjwa. Nishauri, nifanye lipi?

Wako katika dhiki,
Stefania, mke wa fundi

*

Stefania,

Marahaba. Nimesoma barua yako mara mbili, ya kwanza nikacheka, ya pili sikucheka, na wewe acha kuifanya ya kuchekesha. Lilielea muda wa viazi vitatu. Mtu aliyeanguka baharini huku mashua inakimbia na upepo, mpaka tanga lishushwe na wenzake wageuke kumfuata, ni viazi vingapi? Wewe mpishi, hesabu.

Dira usiifiche. Mwanamume mwenye tanga lake mwenyewe atakwenda hata bila dira, na hapo utakuwa umewaharibia vitu viwili badala ya kimoja. Ugonjwa nao usijisingizie, utaugua mpaka lini?

Unamwambia leo. Si baada ya kula, si Jumapili, leo ukimaliza kusoma barua hii, naye akiwa amekaa. Usianze na harusi wala msimu wa sufi wala pamba ya madukani. Anza hivi: "Maboya hayaelei, mimi ndiye niliyeyaharibu." Maneno hayo yakishatoka, mengine yatajipanga yenyewe. Atakasirika, na ana haki. Mwache akasirike, usimjibu, usilie ili akuonee huruma. Miaka ishirini na sita haiwezi kuvunjwa na mito mitatu, lakini inaweza kuvunjwa na jeneza.

Kuhusu Bi Hilaria, nashangaa hujaliona jambo lililo mbele ya macho yako. Mmoja wa hao watatu ni mwanawe. Wewe unaogopa kumnyang'anya mto; yeye hajui kwamba kila siku analalia pumzi ya mtoto wake. Mwambie hivyo hivyo, kisha uone kama utaimaliza sentensi kabla hajauleta. Na ukaushone mwenyewe mto mwingine wa kumrudishia, safari hii kwa kitu kilicho chako.

Mkishajaza sufi upya, msiseme sasa imetosha. Mumeo nina ugomvi naye pia. Mtu anayahesabu maboya kila Jumapili na hajayatia majini hata mara moja tangu alipoyaleta nyumbani, huyo anahesabu nguo. Kila mmoja avae lake, aingie majini nalo, akae humo muda wa kupika wali kuanzia kuwasha moto. Likimbeba, ni boya. Lisipombeba, mkatafute jingine au mbaki nyumbani.

Sasa nakuja kwenye jambo ambalo hukuniuliza, na ndilo lililoninyima raha kuliko hata maboya. Pipa. Mimi nimezaliwa Handeni, Stefania, maji ninayajua kwa sababu hatukuwa nayo. Mama yangu alikuwa na mitungi mitatu, mmoja jikoni, mmoja uvunguni, wa tatu kwa jirani yetu Zuena, na ule wa tatu haukuguswa mpaka ile miwili igeuzwe chini juu. Mumeo ameweka uhai wa watu watatu ndani ya pipa moja. Likitoboka, likipasuka, likiingia chumvi, au likiwageuza matumbo kwa mafuta, hakuna kingine cha kunywa, na bahari yote imewazunguka. Galoni moja kwa mtu kwa siku ni hesabu nzuri, sina neno nayo. Lakini siku tatu ahesabu sita, maana upepo hauna mkataba na mtu. Maji yawekwe kwenye madebe mapya yenye vifuniko vya kukaza, yafungwe sehemu mbalimbali za mashua, na mawili yatiwe alama yasifunguliwe mpaka nchi kavu ionekane. Madafu ishirini juu ya hapo, kwa sababu dafu lina kifuniko alichokikaza Mungu.

Na hilo la ladha ya karakana mwambie siku hiyo hiyo. Nyumba yako ina tabia ya kumficha Bonaventura mambo kwa kuwa anafurahi. Furaha ya namna hiyo ndiyo itakayomzamisha. Mwambie, halafu uniandikie.

Shangazi Mashavu

*

Shangazi, shikamoo.

Nilimwambia. Alikuwa amekaa uani anapaka mafuta kamba, nikasimama mbele yake nikasema kama ulivyoniagiza, maboya hayaelei, mimi ndiye niliyeyaharibu. Akaingia ndani, akatoa boya moja, akaangalia mshono kwa muda mrefu, akapitisha kidole juu yake, nami nikataja mito ya harusi.

"Tangu mwezi wa sita," akasema.

"Tangu mwezi wa sita."

"Na kila Jumapili ulikuwa umesimama pale mlangoni unaniangalia ninavyoyahesabu."

Nikasema ndiyo, nilikuwa naangalia. Hilo ndilo lililomuuma, Shangazi, si sufi. Alitoka akaenda karakana ya zamani, akashinda huko, hakula kwangu siku mbili. Nilitaka kulia nikakumbuka ulivyonikataza. Siku ya tatu alirudi na kukaa mezani, akauliza kama kuna jambo jingine. Nikaona hapa ndipo penyewe, nikamwambia la maji. Alikataa katakata. Akamwita Agripina, akamjazia kikombe kutoka kwenye pipa na kumwambia aseme kweli mbele ya Mungu. Mtoto akanywa funda moja, akasema, "Baba, ni kama kulamba jembe la trekta." Bonaventura akamtazama, akanitazama mimi, kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akaweka kichwa mezani, na mimi ndipo nilipolia.

Kwa Bi Hilaria nilikwenda peke yangu, sikutaka msindikizaji. Sikumaliza sentensi. Aliinuka akaingia chumbani, akatoka na mto kifuani, na kisu cha jikoni mkononi akaanza kuufumua palepale barazani, sufi ikawa inaruka hadi kwa majirani, nami nikaikimbilia. Agripina akaleta ile mito yao miwili, tukashona pamoja siku nzima, Bi Hilaria boya la Yordani, mimi mengine. Aliposhona la mwanawe alipitisha uzi mara tatu.

Tukayajaribu kwenye tangi la maji la kiwandani, kwa ruhusa ya msimamizi. Watatu waliingia na nguo zao, Bwana Abdi na kofia yake kichwani, wakaelea humo kama maboga huku nusu ya kambi ya wafanyakazi imezunguka ukingo. Bi Hilaria alikuwa amepika wali pembeni kwa mafiga kwa ajili ya kupima muda, na hakuwaruhusu kutoka mpaka ulipoiva na kukauka.

Waliondoka Tanga mwishoni mwa mwezi na madebe kumi, madafu ishirini na mawili. Siku ya tatu ikapita, ya nne, ya tano. Bi Hilaria alihamia kwangu. Tulichambua mbaazi za jirani zetu wote, na jina la bahari hatukulitaja. Siku ya saba nilipata simu ya maandishi kutoka Mafia: TUMEFIKA WOTE. UPEPO ULIKATIKA SIKU MBILI. MAJI YALITOSHA. Bi Hilaria hajui kusoma, lakini alinitaka nimsomee mara nne, kisha akaenda zake kulala, mchana kweupe, akalala mpaka kesho yake.

Walirudi salama upepo ulipogeuka. Sasa nina swali jingine, Shangazi, na nakuomba usicheke. Laurenti amemaliza nyumba yake na mwakani Bonaventura anataka turudi Mafia sote, mimi nikiwemo. Anasema boya la nne tutalishona pamoja, na nitakuwa ofisa wa maji. Sijawahi hata kupanda ngalawa. Lakini nikifikiria kubaki tena huku nachambua mbaazi, naona bora niende. Unasemaje?

Stefania

*

Stefania,

Nenda. Lakini jifunze kuogelea kwanza, anza mwezi huu, na asikufundishe mumeo.

Shangazi Mashavu