Dawa Zimefika Machimboni, Dada Kabula

Mpendwa dada Kabula,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini habari hii nikikaa nayo peke yangu nitapasuka!

Unakumbuka ulivyokuwa ukirudi nyumbani Ngokolo kutoka machimbo ya dhahabu ya Rwamgasa, kanga ikinuka moshi wa jiko ulilowapikia wachimbaji? Mama alipouliza mbona umekonda, ulicheka tu: "Mayu, ni jua la machimboni." Mimi peke yangu uliniambia ukweli, kwamba una virusi vya Ukimwi. Nikakusindikiza kliniki kuchukua dawa. Mhudumu alikutazama kuanzia kichwani hadi miguuni, akasema kwa sauti, watu wote wasikie: "Nyie wa machimboni ndio mnaotuletea haya." Ulinishika mkono tukatoka. Hukurudi tena kule, na mwaka haukuisha tukakuzika.

Ndiyo maana nilipokuwa mhadhiri wa afya ya jamii, utafiti wangu niliupeleka Rwamgasa. Nilitaka kujua: dawa zikiwafuata mama lishe na wahudumu wa baa pale pale kazini, mikononi mwa wanawake wenzao wanaozitumia, je, wataendelea kuzimeza? Wakubwa wengine walinicheka. "Daktari, hao hawatulii sehemu moja."

Kweli, hawatulii. Dhahabu ikihama, nao wanahama. Lakini dada, wakifika machimbo mapya wanapokewa na wenzao waliotangulia, na dawa zinaendelea! Hata mimi sikulitegemea hilo.

Leo asubuhi Minza, mmoja wa wanaomeza dawa hizo, anayeuza baa karibu na makarasha ya kusagia mawe, alipokea majibu ya mwisho ya vipimo vya mwanawe. Nesi alimwambia, "Mama, mtoto wako hana virusi."

"Rudia!" Minza akasema.

"Hana."

Alipiga vigelegele mpaka wachimbaji wakazima makarasha, wakaja mbio kuuliza nani kapata dhahabu. Nami, msomi mzima, nikajikuta nacheza naye vumbini na viatu vyangu vya ofisini.

Mchana nikapigiwa simu kutoka wilayani: utaratibu wetu unapelekwa machimbo mengine. Niliiweka simu chini, nikalia. Kwa furaha, na kwa sababu wewe hukuupata.

Kesho naondoka na Minza kwenda kuwafundisha wanawake wa kambi ya pili. Amekwisha kufunga mzigo, mtoto mgongoni, ananiharakisha kana kwamba gari ni lake.

Lala salama, dada. Huku tumechangamka.

Mdogo wako,
uliyemshika mkono